Tanga tuna giza la kutosha, tunachokosa ni mazoezi

Ukikaa na vijana wa hapa Tanga wanaotengeneza muvi, iwe Makorora iwe Chumbageni, ukawauliza mbona muvi kali ya uhalifu haitoki, jibu ni moja tu, hela. Hakuna hela ya bunduki, hakuna hela ya magari, hakuna hela ya kukodi hoteli ya kupigia ile sini ya bosi anavuta sigara kubwa huku anazungusha kiti. Mi nasema hivi, hizo zote ndo zinazoharibu muvi, na ushahidi upo, tena umetoka kwa mtu ambaye leo kila mpenda muvi anamjua.

Christopher Nolan, huyu huyu aliyebeba Oscar ya uongozaji mwaka 2024 kwa Oppenheimer, muvi yake ndefu ya kwanza inaitwa Following, ya mwaka 1998, aliipiga London kwa dola kama 6,000. Ukibadilisha kwa leo ni milioni 15 hivi za kwetu. Kuna harusi za Raskazone zinakula zaidi ya hizo kabla bendi haijafunga hata spika. Muvi yenyewe nyeusi na nyeupe mwanzo mwisho, inaisha ndani ya dakika 70, hakuna staa hata mmoja, na hakuna gari linalopinduka.

Stori iko hivi. Kuna kijana hana kazi, anajiita mwandishi, na kwa upweke na kukosa cha kuandika anaanza kufuata watu barabarani. Hana ubaya nao, anamchagua mtu kwenye umati anamfuata aone anaenda wapi, basi. Kajiwekea masharti, mojawapo usimfuate mtu mmoja mara mbili, na kama ilivyo kwa masharti mengi ya kujiwekea mwenyewe, anayavunja. Sasa siku moja kakaa mgahawani anamvizia mtu wake, yule mtu anainuka alipokuwa, anakuja anavuta kiti anakaa meza hiyo hiyo, anamuuliza we nani na kwanini unanifuata. Mezani vikombe tu. Hakuna aliyetoa kisu, hakuna aliyepaza sauti, ila hapo hapo unajua huyu dogo kaisha. Jamaa anaitwa Cobb, kapiga suti, msafi, anaongea taratibu, na kazi yake ni kuvunja nyumba za watu. Lakini haibi kwa njaa, anaiba ili awajue watu, anaamini kila mtu ana boksi lake la siri mahali fulani, la picha na barua na vikorokoro visivyo na bei, yeye analitafuta hilo anavivuruga ili mwenyewe akirudi ajue kuna mtu kapita ndani ya maisha yake. Dogo anapendezwa, anaanza kwenda naye. Mengine mtayaona wenyewe, ila kama hujaiona na hupendi kusimuliwa mwisho jua nitausimulia huko mbele.

Sasa njoo kwenye utengenezaji maana ndo kiini cha hoja yangu. Nolan aliandika mwenyewe, akaongoza mwenyewe, kamera akashika mwenyewe. Yeye na wenzake wote walikuwa na kazi zao za kuajiriwa kwahiyo walikuwa wanapiga Jumamosi tu, karibu mwaka mzima wa Jumamosi. Nyumba walizotumia ni za marafiki na ndugu. Taa hawakukodi, walitumia mwanga uliopo, unamkalisha mtu karibu na dirisha unapiga. Kitu pekee kilichokuwa kinawamaliza hela ni filamu yenyewe, ile mikanda ya milimita 16, aliyokuwa anainunua kutoka kwenye mshahara wake. Na kwa sababu mkanda ulikuwa ghali walifanya mazoezi mno kabla, kila sini wanaijua, ikifika Jumamosi wanapiga teki moja, yani sini inapigwa mara moja tu, mbili ikizidi, wanahama.

Watu wakiisimulia hii habari wanaishia kwenye "unaona, hakuwa na hela ila kaweza", halafu wanaenda kulala. Mi naona wanaruka jambo lenyewe. Kilichomsaidia Nolan ni kwamba kulikuwa na kitu kimoja cha gharama ambacho hakuweza kukikwepa. Roli ya futi 400 ya milimita 16 inakwenda dakika 11 tu imeisha, ukishaipiga huwezi kuifuta uanze upya, na bado kuisafisha maabara unalipia. Mtu akisahau maneno yake hapo amekula mshahara wa mwenzie. Kwahiyo hofu ya kupoteza mkanda ndo iliyowakalisha watu chini wafanye mazoezi, na mazoezi ndo yaliyofanya watu wawili wakae mgahawani wanaongea tu na wewe mtazamaji unasahau kula bisi zako.

Sisi je? Sisi hofu hiyo hatuna. Simu inapiga, memori ikijaa unafuta, betri ikiisha pawabenki ipo. Teki ni bure. Na kwakuwa teki ni bure mazoezi yamekufa, mwigizaji anapewa skripti asubuhi ya siku ya kupiga, mwingine hapewi kabisa anaambiwa tu "hapa umekasirika, mkeo umemkuta na rafiki yako, haya ongea", na anaongea kweli, anaongea dakika sita, anarudia neno lile lile kwa njia tisa, mwenzie naye anajibu hivyo hivyo, edita anakuja kuhangaika nayo usiku. Sini inapigwa mara nane na ya nane ni mbaya kuliko ya kwanza maana watu wamechoka na jua la Tanga mnalijua. Alaf tunasema tatizo bajeti. Jamani, mtu akikupa milioni 50 kesho utafanya kosa hilo hilo ila kwa kamera nzuri zaidi.

Na haya mambo ya kutokuwa na hela hayakuanza na Nolan. Hizi muvi za uhalifu za giza giza, Wafaransa waliozipa jina la noir walikuwa wanaangalia kazi za Marekani za miaka ya 1940, na nyingi za aina hiyo zilikuwa muvi za bei chee za kusindikizia muvi kubwa. Mwaka 1945 Edgar Ulmer alitengeneza Detour katika studio ya uchochoroni kabisa, haifiki dakika 70, na kuna sehemu mtaa mzima wa New York ameuficha kwenye ukungu kwa sababu mtaa wenyewe hakuwa nao. Giza lilikuwa linaficha ufukara wa seti. Ndo maana nawashangaa watu wanaosema aina hii ya muvi ni ya matajiri, imezaliwa kwa walalahoi hii.

Nikirudi nyumbani, Waswahili hawakuanza jana kupenda uhalifu kwenye stori. Riwaya ya Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ni ya 1965, na Willy Gamba, yule jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, amesomwa mpaka vitabu vikabaki bila majalada, azima huku rudisha kule. Ila nadhani Willy Gamba ndo amekaa vichwani mwa madairekta wetu mpaka leo, yani shujaa mwenye mbinu zote, anapanda ndege, anapendwa, anapigwa kidogo halafu anashinda. Hiyo kwenye riwaya inanoga maana karatasi haina bajeti, akisema ndege ni ndege. Ukiihamishia kwenye kamera yenye milioni tatu ndo unapata zile bunduki za plastiki na ofisi ya Usalama wa Taifa yenye kalenda ya duka la vipodozi ukutani. Muvi ya giza inataka mtu wa upande wa pili kabisa, mtu mdogo, ana madeni, anajiona mjanja kidogo kuliko alivyo, na kila hatua anayopiga kujinasua ndo anazidi kuzama. Huyo mtu hahitaji kuigizwa na staa. Tunao, tunakunywa nao kahawa.

Lakini sasa kuna mtego, na hapa ndo nataka watu wanisikilize. Ukiichukua Following ukaileta Tanga kama ilivyo, imekufa dakika ya tano. Huwezi kumfuata mtu Ngamiani! Toka barabara ya 6 umfuate mtu mpaka ya 14 uone, kabla hujafika ya 10 ushamwamkia babu mmoja na bibi wawili, "we si mtoto wa fulani wewe, mama hajambo, mbona unapita kama hutuoni", na yule unayemfuata keshageuka kakuuliza kama unaelekea sokoni mwende wote. Lile giza la London linatokana na watu kutokujuana, yule kijana mwisho wa siku anaangamia kwa sababu hakuna mtu hata mmoja duniani wa kumshuhudia alikuwa wapi na nani. Sisi kwetu ni kinyume. Kila mtu atashuhudia ulikuwa wapi, saa ngapi, umevaa nini, na ulikunywa vikombe vingapi. Hofu ya mtaa wa Tanga ni kujulikana. Mwizi wa kwenye muvi ya Tanga hawezi kuwa mgeni mwenye koti refu, lazima awe mtu uliyemsalimia asubuhi, na uhalifu inabidi ufanyike mbele za watu wote bila mtu kuona kuwa ni uhalifu.

Kwahiyo ndo nasema igeni utaratibu, msiige sura. Mvua, koti, sigara, kofia, saksafoni, hivyo viacheni London.

Nani sasa awe mpelelezi wetu? Mpelelezi binafsi mwenye ofisi na kibao mlangoni huku hatuna, nani atamlipa. Tulienae ni dalali. Fikiria vizuri, dalali ndo mtu pekee mtaani mwenye ruhusa ya kuingia nyumba ya mtu akaangalia vyumba, akauliza maswali ya ndani, akashika funguo zisizo zake, na hakuna anayeshangaa. Anajua nani kahamishwa kikazi, nani kaachwa, nani anauza kwa haraka na kwanini. Na toka habari ya bomba la mafuta ghafi ianze, kilomita 1,443 kutoka Hoima Uganda linakuja kuishia Chongoleani hapa, kila kijiwe kinaongea viwanja, kila mtu anamjua mtu anayemjua mwenye shamba. Dalali mdogo wa Tanga wa leo, asiye na ofisi, ana baiskeli na simu mbili moja haina vocha, huyo ni mhusika kamili wa muvi ya giza na hahitaji kuongezwa chumvi.

Halafu lile boksi la Cobb. Sisi boksi letu la siri ni lipi? Mi nimelifikiria nikaona ni sanduku la kikoba, kile kikundi cha mtaani cha kuweka na kukopeshana hela. Wanaocheza vikoba wanalijua, sanduku la chuma lenye kufuli tatu, kila kufuli ina ufunguo wake, funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne ambaye hana ufunguo hata mmoja. Utaratibu umewekwa hivyo ili watu wasiibiane, na angalia uzuri wake kwa mtu wa muvi, yani ushapewa watu wanne na sababu ya kila mmoja kumshuku mwenzie, bure kabisa. Sasa fika siku ya kuvunja mzunguko, yani kugawana akiba, wanawake thelathini wamekaa kwenye mkeka uani, watoto wanafukuzwa, sanduku limewekwa katikati, wa kwanza anafungua kufuli yake, wa pili anafungua, wa tatu ufunguo unagoma kidogo anautemea mate anauzungusha, unakubali. Kufuli zote nzima, hakuna lililovunjwa wala kukwaruzwa. Mfuniko unainuliwa, ndani kuna vitita vimefungwa na mpira vizuri, noti ya juu ya elfu kumi ni halali, chini yake karatasi za daftari zimekatwa kwa mkasi saizi ile ile. Na hakuna anayepiga kelele kwanza, kila mtu anaangalia kiganja cha mwenzie.

Hiyo sini inagharimu nini? Sanduku, kufuli tatu, mkeka, na soda za majirani. Kila kitu kingine ni mazoezi, nani anaangalia wapi, nani anachelewa kushangaa kwa nusu sekunde. Hiyo nusu sekunde ndo muvi nzima na huwezi kuipata kwa kumwambia mtu "haya shangaa". Inabidi wale wanne wawe wamekaa pamoja miezi, wanajuana, wameigiza mpaka wamechoka kisha wakaigiza tena.

Dalali wetu anaingia wapi, aliombwa tu. Mara ya kwanza aliombwa apeleke ufunguo mmoja kwa fundi funguo wa sokoni kwa kisingizio cha nyumba ya kupangisha, akapewa elfu tano, baada ya wiki tatu ufunguo mwingine, kisha mwingine. Kila mara kulikuwa na sababu nzuri na kila mara fundi alimwona yeye. Unaona inavyokwenda, hakuiba shilingi, ila mtaa mzima ukiulizwa utasema ni yeye, na kweli ni yeye.

Kuhusu kupiga kwa Jumamosi Jumamosi, naona kuna faida watu hawaisemi. Ukipiga mwaka mzima mwigizaji anabadilika, ananyoa, ananenepa, anapata ajali ya bodaboda. Following imechanganya mpangilio wa muda, inaruka mbele na nyuma, na unajua upo wapi kwa kumwangalia yule kijana, mara ana nywele ndefu mchafu mchafu, mara kanyoa kavaa suti, mara uso umevimba. Dalali wetu naye tumpe sura tatu, kwenye baiskeli na kandambili, kisha kwenye pikipiki mpya na shati la kupiga pasi, kisha kwa miguu. Mtazamaji atajua mwenyewe hela imeingia lini na imetoka lini hata ukimchanganyia vipi.

Kuna vitu vitawashawishi, mvikatae. Mapango ya Amboni ni kimoja, yako kilomita chache tu kutoka mjini na wazee wanasimulia Osale Otango alivyojificha humo miaka ya 1950 akiwasumbua polisi wa mkoloni, stori tamu sana lakini ni muvi nyingine hiyo, yenye hela nyingine. Bandari ni kingine, na magofu ya Mjerumani, utapiga ukuta mzuri na hakuna kitu kinachotokea mbele yake.

Kikubwa zaidi cha kukataa ni mwanamke wa Tanga wa kufikirika. Kila mtu atataka kumwandika, kanga moja, udi, macho, sauti ya kubembeleza, mwanaume anaoza. Hata Nolan hapo kateleza kwa maoni yangu, mwanamke wa Following hana hata jina, kazi yake ni kutumiwa kumnasa mwanaume halafu anauawa na muvi inaendelea. Kwenye stori ya kikoba mwanamke ndo mwenye akili ya hesabu, ndo anajua nani anadaiwa na nani marejesho yake hayajaingia, na akiwa mkosaji awe mkosaji kwa sababu yake mwenyewe ya maana, mume mgonjwa, mkopo wa kausha damu wenye riba ya kuumiza, chochote, ila asiwe chambo.

Mwisho wa stori nao watu wataugombania. Kwenye Following Cobb anapotea kabisa, yule kijana anaenda polisi mwenyewe kusimulia akidhani anajisafisha, kumbe kila anachosema kinamfunga yeye na huyo Cobb hakuna anayemjua. Watengenezaji wetu wengi hawathubutu, wanaamini lazima polisi waje dakika za mwisho wamkamate mbaya na mzee mmoja atoe nasaha, wengine wanasema bila hivyo kibali kitasumbua. Filamu kweli inahitaji kibali, sheria ipo toka 1976, na skripti inasomwa. Lakini kwenye hii yetu mtu anakamatwa vizuri kabisa, na ushahidi kamili upo. Kwamba siye aliyezila hela hilo mtazamaji atabaki nalo mwenyewe.

Kama kuna hela ya kutumia, iende kwenye saundi. Picha mbaya mtu anavumilia, akiiona ya giza atadhani ni makusudi, ila asiposikia maneno anazima. Na Tanga saundi ni kazi, kusi ikivuma maiki inanguruma, bodaboda hazilali, jirani ana redio. Kuna sauti ambazo ni mali yetu tena za bure, ile ya muuza kahawa anavyogonga vikombe akipita usiku, ikisikika mbali halafu karibu halafu ikanyamaza ghafla nje ya mlango wa mtu mwenye lake moyoni, nani anahitaji muziki hapo. Ila sini ya kuongea lazima ipigwe kukiwa kimya, na kimya hapa mjini kinaanza kama saa saba usiku mpaka saa kumi, kabla misikiti haijaanza kuamsha watu. Masaa matatu, teki mbili mbili, na kwakuwa watu wana kazi Jumatatu inabidi iwe Jumamosi kuamkia Jumapili, na mtu ambaye hajakariri maneno yake asije.